Kampuni, ubia au biashara ya mtu mmoja: ipi ni nafuu kwa watu wawili wanaoanza na mtaji mdogo?

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba yeye na rafiki yake, ambao wamefanya kazi pamoja kwa miaka sita katika kiwanda cha nguo, wanataka kuacha ajira na kuanza kushona sare za wafanyakazi wa hospitali, hoteli na kampuni za ulinzi. Yeye ataleta robo tatu ya mtaji, na ana nyumba iliyoandikwa kwa jina lake. Mwenzake ataleta mashine mbili na ufundi wa kukata, lakini hana mali nyingine. Muuzaji wa vitambaa amekubali kuwapa bidhaa kwa mkopo wa siku 60, na anataka mkataba usainiwe mwezi ujao. Mtu mmoja amewashauri wasajili kampuni ili waheshimike. Mwingine amewaambia kwamba kampuni ni gharama ya bure na kwamba wakishasajili jina la biashara wamemaliza. Swali lake ni fupi: katika njia hizi, ipi ni nafuu?

Ndugu msomaji, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kusaini, kwa sababu wengi wanaonijia huwa wameshasaini, na kazi yangu hubaki kuwa ya kupunguza hasara badala ya kuizuia. Nianze na neno «nafuu» lenyewe, maana ndilo linalopotosha. Watu wanapolinganisha miundo ya biashara hutazama ada ya usajili, ambayo hulipwa mara moja na aghalabu ndiyo ndogo kuliko zote. Lakini muundo una gharama ya kuuendesha mwaka hadi mwaka, una gharama ya kuufunga siku mtakapoamua kuacha, na juu ya hizo una gharama isiyoonekana kwenye karatasi yoyote mpaka mambo yaharibike, yaani nani atalipa deni ambalo biashara imeshindwa kulilipa, na atalilipa kwa mali ipi. Kwa mtu aliye katika hali yako, mwenye nyumba, anayeungana na mwenzake asiye na mali, na anayeanza kwa bidhaa za mkopo, gharama hiyo ya mwisho inaweza kuzimeza nyingine zote, na ndiyo itakayoongoza jibu langu.

Niondoe kwanza kosa la huyo aliyekuambia kwamba jina la biashara linatosha. Kusajili jina la biashara ni kuandikisha tu kwamba watu fulani wanafanya biashara kwa jina lisilo lao, ili mteja, benki au mahakama iweze kujua nani yuko nyuma ya jina hilo. Jina halimiliki mashine, halidaiwi, wala haliwezi kufilisika. Ukisajili jina peke yako, biashara ni wewe. Mkilisajili wawili, biashara ni ninyi wawili. Mahali pengi usajili huo ni wa lazima kwa anayetumia jina lisilo lake, na ni vizuri kuutimiza, lakini haukukingi na deni hata kidogo. Nimekutana na watu walioshika cheti cha jina la biashara kwa miaka mingi wakiamini kwamba wana kampuni, na wakagundua tofauti hiyo mara ya kwanza walipopokea hati ya madai iliyoandikwa majina yao wenyewe.

Kosa la pili limejificha zaidi, nalo ni kudhani kwamba msiposajili chochote hamna muundo wowote. Mtakuwa nao. Katika sheria za nchi nyingi, watu wawili wanaofanya biashara pamoja kwa nia ya kugawana faida ni wabia, hata kama neno ubia halijawahi kutoka vinywani mwao. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambayo ingali inatumika huko na ambayo imeigwa karibu neno kwa neno katika nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Kiingereza, ina kanuni zinazojaza kila pengo ambalo wabia hawakulijaza wenyewe, na kanuni hizo huwashangaza watu. Wabia hugawana faida sawa kwa sawa, hata kama mmoja alileta robo tatu ya mtaji. Kila mbia anaweza kuwafunga wenzake kwa mkataba alioufanya katika shughuli za kawaida za biashara. Walio wengi hawawezi kumfukuza mbia isipokuwa wote walikubaliana hivyo tangu mwanzo. Mbia mmoja akifariki, ubia huvunjika. Kwa hiyo mkianza «hivi hivi tu», ninyi wawili mtakuwa mmekubali masharti haya yote bila kuyasoma, na wewe utakuwa umekubali kupata nusu ya faida kwa robo tatu ya mtaji.

Masharti hayo yanaweza kurekebishwa kwa hati ya ubia, na hati nzuri haina gharama kubwa. Ila kuna jambo moja ambalo hati ya ubia hailigusi, kwa sababu hati hiyo ni makubaliano yenu wawili tu, na muuzaji wa vitambaa hamo ndani yake: dhima ya wabia mbele ya wadai. Tuseme biashara imeanguka ikiwa na deni la 1,000 na mali yake yote ikiuzwa inaleta 300. Zinabaki 700. Hata kama hati yenu inasema kwamba hasara mtagawana nusu kwa nusu, mdai halazimiki kufuata mgao huo. Anaweza kumdai mmoja wenu zote 700, na mdai mwenye akili humfuata yule mwenye kitu cha kukamatwa. Huyo ni wewe. Baada ya kulipa utakuwa na haki ya kumdai mwenzako 350, lakini haki ya kumdai mtu asiye na mali ni karatasi tu. Usidhani kwamba hili ni jambo la mfumo wa Kiingereza peke yake, kwani sheria za Ufaransa na Ujerumani hufika mahali pale pale: katika ubia wa kawaida wa kibiashara kila mbia hubeba madeni yote kwa mali yake yote. Ndiyo maana nasema kwamba ubia, unaosifiwa kuwa njia ya bei ndogo kuliko zote, kwako wewe ni njia ghali, na kwa mwenzako ni nafuu kwelikweli. Si vibaya kulisema hili waziwazi mezani mkiwa wawili. Urafiki wa miaka sita unastahili mazungumzo hayo sasa, kabla hayajafanywa kupitia mawakili.

Njia nyingine ni biashara iwe yako peke yako, na mwenzako awe mfanyakazi anayelipwa mshahara pamoja na sehemu ya faida. Sheria ile ya 1890 inaeleza kwamba kumlipa mfanyakazi sehemu ya faida hakumfanyi kuwa mbia kwa jambo hilo peke yake, na nchi nyingine nyingi zinakubali vivyo hivyo. Hapa unafuu wa uendeshaji ni wa kweli: hakuna katiba, yaani kanuni za kuongoza kampuni, ya kuandika, faida huingia katika taarifa yako ya kodi ya mapato, na siku ya kufunga unalipa madeni, unaziarifu mamlaka, na kazi imekwisha. Kwa fundi anayeanza peke yake, anayelipwa kabla ya kukata kitambaa na asiyekopa, mimi humshauri aanze hivyo bila kusita, akate bima, na aache habari za kampuni mpaka kazi ikue. Lakini wewe hauko hivyo. Deni lote litakuwa lako, na mwenzako, aliyeacha ajira na kuleta mashine zake, atakuwa mtu wa kuajiriwa katika biashara anayoamini kuwa ni yake. Mkiandika ajira huku mkiishi kama wabia, mahakama itatazama mnavyoishi kuliko mlivyoandika.

Tunabaki na kampuni ya hisa yenye dhima yenye ukomo, yaani kampuni ambayo ikishindwa kulipa madeni, mwanahisa hapotezi zaidi ya alichoweka katika hisa zake, na hapa inafaa kueleza kinga yake inatoka wapi, ili ujue pia inaishia wapi. Uingereza iliruhusu kampuni kuundwa kwa usajili wa kawaida mwaka 1844, na dhima yenye ukomo ikafuata mwaka 1855. Kabla ya hapo, kinga ya aina hiyo ilihitaji kibali cha mfalme au sheria maalumu ya bunge. Swali lililobaki lilikuwa kama mtu mdogo anaweza kuitumia kwa biashara ambayo kwa hakika ni yake mwenyewe. Lilijibiwa katika shauri la Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni mwaka 1892. Sheria ilitaka wanahisa saba, kwa hiyo mkewe na watoto wake watano walichukua hisa moja moja, naye akabaki na hisa 20,001. Kampuni ilipofilisika, mfilisi, yaani mtu aliyeteuliwa kuifunga na kulipa wadai wake, alidai kwamba ilikuwa kivuli tu cha Salomon na kwamba yeye ndiye alipe madeni. Mahakama mbili zilimkubalia mfilisi. Novemba 1896, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, lilizipinga zote mbili: kampuni iliyosajiliwa kwa kufuata sheria ni nafsi nyingine kisheria, na madeni yake si ya mwanahisa, hata kama ana hisa karibu zote. Masharti ya idadi ya wanahisa yamelegezwa sana tangu wakati huo. Ufaransa iliruhusu kampuni ya mwanahisa mmoja mwaka 1985, na India mwaka 2013.

Kanuni hiyo ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mmiliki mmoja wa shamba la miti huko Ireland Kaskazini aliiuzia kampuni yake mbao zake zote, lakini akaziacha zimekatiwa bima kwa jina lake binafsi. Mbao ziliungua, bima ikakataa kulipa, na mwaka 1925 Baraza la Malodi likasema bima ilikuwa na haki, kwa sababu mbao zilikuwa mali ya kampuni, na mwanahisa, hata awe na hisa zote, hana mali katika vitu vya kampuni. Nakusimulia hili kwa sababu ninyi mtaweka mashine, kitambaa na sare zilizokamilika katika chumba kimoja. Siku kampuni itakaposajiliwa, bima, mkataba wa pango na akaunti ya benki lazima vyote viwe kwa jina la kampuni, na zile mashine mbili ama mwenzako aziuzie kampuni kwa maandishi na kupewa hisa kama malipo, ama zibaki mali yake na kampuni imlipe kodi ya kuzitumia. Msiziache bila kuandika ni za nani.

Sasa nije kwenye matundu ya kinga hiyo, maana wanaouza huduma ya kusajili kampuni huyapita haraka. Tundu kubwa ni dhamana binafsi. Benki, mwenye jengo na muuzaji wa mkopo wanajua vizuri kwamba kampuni mpya haina kitu, kwa hiyo humwomba mkurugenzi adhamini deni yeye mwenyewe, mara nyingi kwa sentensi moja iliyo katika ukurasa wa mwisho wa fomu. Ukisaini hapo, kwa deni hilo kampuni haikulindi tena, na nyumba yako imerudi mezani. Tundu la pili ni mkataba uliofanywa kabla kampuni haijazaliwa. Mwaka 1866 mahakama moja ya Uingereza iliamua shauri la watu walioagiza mvinyo kwa niaba ya kampuni ya hoteli iliyokuwa bado haijaundwa. Mvinyo ukanywewa, deni halikulipwa, na waliosaini wakalazimika kulipa wenyewe, kwa kuwa haiwezekani kusaini kwa niaba ya asiyekuwapo. Baadhi ya nchi leo huruhusu kampuni kuupokea mkataba wa aina hiyo baada ya kusajiliwa, lakini mpaka ifanye hivyo, mtu aliyesaini yuko hatarini. Kwako wewe tundu hili liko mwezi mmoja tu mbele.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Anayemdhuru mtu kwa uzembe wa mikono yake mwenyewe hujibu yeye binafsi pamoja na kampuni, na dawa yake ni bima. Mkurugenzi anayeendelea kukopa wakati ambapo alipaswa kuona kwamba kufilisika hakukwepeki anaweza kuamriwa achangie kulipa wadai kwa mali yake. Uingereza iliweka kanuni hiyo katika Sheria ya Ufilisi ya 1986, na nchi nyingine nyingi zina kanuni zinazofanana nayo. Na anayechota fedha za kampuni kama za mfukoni mwake, bila kumbukumbu, huwapa wadai hoja ya kuomba mahakama ipuuze ukuta uliopo kati yake na kampuni.

Gharama ya kampuni kuiendesha ni ipi, basi? Mtaji wa kuanzia si kizuizi kikubwa kama zamani. Uingereza haiweki kiwango cha chini kwa kampuni binafsi. Ufaransa ilikiondoa mwaka 2003 kwa kampuni zake ndogo za dhima yenye ukomo. Ujerumani, ambayo kampuni yake ya kawaida ya aina hii inahitaji mtaji wa euro 25,000, iliongeza mwaka 2008 aina inayoweza kuanza na euro moja, kwa sharti kwamba kila mwaka iweke akiba robo ya faida mpaka ifikishe kiasi hicho. Kitakachowagharimu ninyi ni kazi ya kila mwaka: vitabu vya hesabu vinavyoeleweka, taarifa ya mwaka kwa msajili, taarifa ya kodi ya kampuni iliyo tofauti na zenu, na kumbukumbu za maamuzi. Katika nchi nyingi kampuni ndogo husamehewa ukaguzi wa hesabu, na hilo ni jambo la kwanza la kuuliza kwa msajili wenu, kwa sababu ada ya mkaguzi inaweza kuzidi gharama nyingine zote za mwaka. Pia msisahau mlango wa kutokea. Kampuni isiyofanya kazi haifi yenyewe. Hubaki kwenye daftari, inaendelea kudaiwa taarifa, na faini za kuchelewa huongezeka kimyakimya. Nimewasaidia watu waliolipa faini kubwa kwa kampuni iliyolala kuliko faida yote waliyowahi kupata ilipokuwa hai. Mkiacha biashara, ombeni ifutwe rasmi mwaka huo huo.

Kuhusu kodi, nakuomba usiiache ikuamulie muundo katika miaka miwili ya mwanzo. Kwa kawaida faida ya kampuni hutozwa kodi ndani ya kampuni, na kinachotolewa kama gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa, kinaweza kutozwa tena kwa mwanahisa, ilhali faida ya mbia au ya mmiliki pekee hutozwa mara moja. Lakini wakurugenzi wanaofanya kazi hujilipa mshahara, ambao ni gharama halali ya kampuni, na kampuni inayoanza mara nyingi haina faida ya kugawa baada ya mishahara hiyo. Unafuu mdogo wa upande wa pili ni kwamba hasara ya mwanzo ya mmiliki pekee au mbia, katika nchi nyingi, inaweza kupunguza kodi ya mapato yake mengine, wakati hasara ya kampuni hubaki ndani ya kampuni ikisubiri faida ya baadaye. Ninyi mnaacha ajira, kwa hiyo huenda mapato mengine hayo hamtakuwa nayo. Kodi ya ongezeko la thamani kwa kawaida hufuata kiasi cha mauzo, hivyo asije mtu akawaambia kwamba mtaikwepa kwa kubaki na jina la biashara.

Ipo miundo ya kati, na kama sheria ya nchi yenu inayo, itazameni. Ubia wenye dhima yenye ukomo, ambao Uingereza iliuwekea sheria mwaka 2000, huwapa wabia kinga inayokaribia ile ya kampuni huku kila mmoja akitozwa kodi kama mbia. Marekani ina muundo wake unaochanganya kinga ya kampuni na kodi ya ubia, ulioanzia jimbo la Wyoming mwaka 1977 na kuenea baada ya mamlaka ya kodi kuukubali mwaka 1988. Ushirika nao ni muundo wa heshima, wenye kanuni ya mwanachama mmoja kura moja, lakini sheria nyingi hutaka wanachama wengi kuliko wawili. Jambo moja nalikataza: msivutwe na matangazo ya kusajili kampuni ya bei ndogo katika nchi nyingine. Ni kweli kwamba mwaka 1999 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliwakubalia mume na mke wa Denmark waliosajili kampuni yao Uingereza ili kukwepa mtaji wa krona 200,000 uliotakiwa kwao, lakini walilindwa na uhuru wa kibiashara wa ndani ya Jumuiya ya Ulaya, na walipaswa kulipigania hadi mahakama ya juu. Kwa kawaida kampuni ya nje hulazimika kusajili tawi mahali inapofanyia kazi, na mtajikuta mnalipa ada na kutoa taarifa kwa wasajili wawili badala ya mmoja.

Ushauri wangu kwenu ni kampuni, na isajiliwe kabla ya kusaini kwa muuzaji wa vitambaa. Siwaambii hivyo kwa ajili ya kuheshimika, kwani wateja wenu watawaheshimu kwa mshono na kwa kutimiza ahadi. Nasema hivyo kwa sababu ya mambo matatu yaliyokutana: mko wawili, mmoja tu ana mali, na mnaanza kwa mkopo. Lingekosekana moja kati ya hayo, ningeandika jibu jingine.

Mnaweza kupunguza gharama ya usajili kwa kutumia katiba ya mfano ambayo sheria nyingi za kampuni huitoa tayari, badala ya kumlipa mtu aandike mpya. Fedha mtakayookoa hapo itumieni kwa wakili atakayewaandikia mkataba wa wanahisa, maana katiba ya mfano haijui kwamba mmoja wenu ameleta fedha na mwingine mashine. Mashine zipangiwe thamani na mtu asiye upande wa yeyote. Nawashauri pia msigeuze fedha yako yote kuwa hisa. Sehemu yake iwe mkopo wako kwa kampuni, ulioandikwa, wenye tarehe za kurejeshwa. Hivyo utarudishiwa fedha yako kadiri biashara inavyoweza bila kusubiri gawio, na mwenzako hatakuwa na kipande kidogo cha hisa kinachomkatisha tamaa. Tambueni lakini kwamba kampuni ikifilisika, mkopo wa mwanahisa unaweza kuwekwa nyuma ya wadai wengine, kama sheria ya Ujerumani inavyofanya. Hisa zenyewe mnaweza kuzigawa 60 kwa 40. Mgao huo una maana ya pekee: katika Uingereza maamuzi ya kawaida hupita kwa zaidi ya nusu ya kura, lakini kubadili katiba kunahitaji asilimia 75, na Ujerumani vilevile hutaka robo tatu kwa mabadiliko ya katiba. Hivyo wewe ungekuwa na neno la mwisho katika mambo ya kila siku, naye angekuwa na uwezo wa kuzuia mabadiliko ya msingi. Mgao wa 50 kwa 50 unaonekana kuwa wa haki, lakini mkitofautiana hakuna wa kuamua, na nimeona karakana yenye kazi za kutosha ikifungwa kwa sababu hiyo tu.

Mkataba wa wanahisa ujibu maswali machache bila kuzungukazunguka. Mmoja akiondoka katika mwaka wa kwanza, anaondoka na hisa zake zote au na sehemu aliyokwisha kuifanyia kazi? Bei ya hisa zake itapangwaje, na italipwa kwa miezi mingapi? Mmoja akifariki, warithi wake wanaingia katika kampuni au wanalipwa? Ni deni la kiasi gani ambalo haliwezi kuchukuliwa bila saini zenu zote mbili? Nani ataruhusiwa kushona kazi za pembeni? Hilo la mwisho huonekana dogo kwenye karatasi, na bado katika biashara za ufundi ndilo nimeliona likivunja watu wengi kuliko yote.

Tuje kwa muuzaji wa vitambaa. Nina hakika kiasi kwamba, akisikia kampuni, ataomba dhamana yako binafsi. Usikatae kwa ukali wala usikubali kwa haraka. Mpendekezee kwanza kwamba vitambaa vibaki mali yake mpaka vilipwe, sharti ambalo wauzaji wengi wanalijua na ambalo humpa kinga bila kugusa nyumba yako, ingawa kinga hiyo hupungua kitambaa kikishakatwa. Wakati huo huo waombeni wateja wa sare walipe nusu ya bei wanapoagiza, jambo la busara kwa kazi inayoshonwa kwa vipimo vya watu wengine na isiyoweza kuuzwa kwa mwingine. Kila malipo ya awali mnayopokea yanapunguza kiasi mnachohitaji kukopa. Akishikilia dhamana, iwe na kiasi kilichotajwa kwa tarakimu, iwe na tarehe ya mwisho, tuseme miezi 12, na iseme kwamba haienei kwa madeni ya baadaye. Na kama mwenzako hasaini dhamana pamoja nawe, basi mkataba wenu wa wanahisa uandike kwamba kampuni itakufidia kwanza kabla ya yeyote kuchukua gawio.

Siku ya kusaini, hakikisheni kwamba mnunuzi aliyetajwa katika ukurasa wa kwanza ni kampuni, kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye cheti pamoja na namba ya usajili. Penye saini, jina la kampuni liandikwe juu, kisha saini yako, kisha jina lako na neno mkurugenzi. Saini iliyokaa peke yake bila cheo inaweza kusomwa kuwa ni yako binafsi. Someni kila ukurasa mkitafuta neno dhamana, hata kama mlishakubaliana kwamba halitakuwamo. Cheti cha usajili kikichelewa, mwombeni muuzaji aongeze wiki mbili, na kwa maagizo ya kwanza nunueni kitambaa kidogo kwa fedha taslimu, kwa jina lako na kwa stakabadhi, ili baadaye kampuni ikurejeshee.